Namba za Mizani Zinatoka Wapi? Somo kwa Vikundi na Vyama vya Msingi vya Zagayu

Somo letu la robo hii linahusu kifaa kilichoingia vijijini kwetu kwa kasi kuliko maelezo yake, yaani mizani ya kidijitali. Tumeliandaa hasa kwa ajili ya wanavikundi na viongozi wa vyama vya msingi (AMCOS) wa Zagayu, ambayo zamani tuliihesabu Bariadi na sasa iko Wilaya ya Itilima, lakini litawafaa pia wenzetu wengine wa Mkoa wa Simiyu wanaouza pamba, dengu na choroko kwa kilo.

Katika mikutano ya wakulima tumekuwa tukiulizwa maswali mawili yale yale. La kwanza: je, mizani hii inaweza kuchezewa? La pili: kwa nini mzigo mmoja ukipimwa kwetu na ukapimwa kwa mwingine unatoa kilo tofauti? Jibu la swali la kwanza ni ndiyo. Jibu la swali la pili lina sababu nyingi, na si zote ni wizi. Mkulima akielewa namba ile nyekundu inatoka wapi ataweza kutofautisha wizi, uzembe na ubovu wa kawaida, na atajua aseme nini na amwambie nani.

Swali la mizani si geni katika kanda hii. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Usukuma na Ukerewe walichoka kupunjwa kwenye vituo vya kununulia, wakaanza kuweka wapimaji wao wenyewe wa kuhakiki uzito kabla mzigo haujafika kwa mnunuzi. Vuguvugu hilo, ambalo Paul Bomani alikuwa mmoja wa viongozi wake, ndilo lililozaa vyama vya ushirika vya wakulima na hatimaye Victoria Federation of Co-operative Unions mwaka 1955. Kwa maneno mengine, ushirika wa Kanda ya Ziwa ulianzia kwenye mizani. Torati nayo ilikuwa imekwisha kukataza mtu kuwa na mawe mawili ya kupimia mfukoni, kubwa la kununulia na dogo la kuuzia. Siku hizi mawe hayo mawili hayako mfukoni, yako kwenye menyu ya kisanduku.

Mizani haijui kilo

Mizani nyingi tunazoziona kwenye maghala yetu zina sehemu tatu: jukwaa la chuma la kuwekea mzigo, vihisi vya uzito vilivyofungwa chini yake (mara nyingi vinne, kimoja kila pembe), na kisanduku chenye kioo cha namba, ambacho mafundi hukiita indiketa. Kihisi ni kipande cha chuma kinachopinda kidogo sana mzigo unapowekwa, kiasi ambacho jicho haliwezi kuona. Kikipinda, nyaya nyembamba zilizogandishwa juu yake hubadili umeme unaopita. Kisanduku hupeleka volti chache kwenye vihisi na kurudishiwa milivolti chache tu. Hizo milivolti ndizo zinazogeuzwa kuwa namba.

Hapa ndipo penye kiini cha somo. Kisanduku hakijui kilo ni nini. Kinajua umeme umeongezeka kiasi gani, na mtu ndiye aliyekiambia kwamba ongezeko kiasi hiki kiitwe kilo 100. Mtu huyo akikiambia kilo 97, kitaonyesha 97 kwa utiifu ule ule, bila kutetereka, kwa namba nzuri zinazong'aa. Hivyo mwenyekiti anayewaambia wanachama kwamba "mashine haisemi uongo" anasema jambo ambalo ni nusu tu. Mashine hurudia ilichoambiwa.

Mizani ya zamani ya rula ilikuwa na ubovu wake mwingi, lakini mkulima aliona kwa macho jiwe likisukumana na mzigo wake. Katika mizani mpya sehemu inayoamua imefichwa. Kwa sababu hiyo tunashauri kwamba siku fundi anapokuja kuipanga, wajumbe wasiopungua watatu wakae naye mwanzo hadi mwisho, na kati yao awepo mkulima asiye kiongozi.

Siku ya kufunga na kupanga

Kabla ya kuwasha kitu chochote, angalieni chini. Jukwaa linataka sakafu ngumu, ya saruji ikiwezekana, na miguu yote minne iguse. Kama mizani ni mpya, fungueni skrubu za usafirishaji zilizowekwa kiwandani ili vihisi visiumie barabarani. Zikisahaulika, mizani hupima lakini hupima vibaya. Tumieni pima maji kuhakikisha jukwaa halijainama. Kisha washeni na kuiacha dakika 15 hadi 30 ipate joto kabla ya kazi yoyote ya kupanga.

Jambo la kwanza katika mipangilio ni uwezo wa mizani na kipande chake, yaani hatua ndogo kabisa ambayo namba inaruka. Someni kibandiko cha mtengenezaji. Mizani ya kilo 300 yenye kipande cha gramu 100 ina vipande 3,000, na hiyo ndiyo hesabu ya kawaida kwa mizani ya biashara ya mazao. Wapo mafundi wanaopenda kuwafurahisha wateja kwa kuweka kipande cha gramu 20 ili ionekane mizani "kali" zaidi. Msikubali. Vihisi vile vile haviwi sahihi zaidi kwa sababu ya tarakimu ya ziada; namba itachezacheza tu na karani atachagua ile anayoipenda. Mipangilio ifuate kibandiko, basi.

La pili ni sifuri, nalo linahitaji uangalifu kuliko yote. Kisanduku kina tabia ya kujirudisha kwenye sifuri chenyewe vumbi au nyuzi kidogo zinapobaki juu ya jukwaa. Tabia hiyo ni nzuri ikiwekwa kwa kiasi kidogo. Kanuni za kimataifa za mizani zinairuhusu isizidi nusu ya kipande kwa sekunde. Fundi akiiweka juu mno, pamba inayowekwa polepole, konzi baada ya konzi, humezwa: mizani inaiona kama vumbi na kuifuta. Mnaweza kujaribu wenyewe. Jukwaa likiwa tupu na linasoma sifuri, ongezeni pamba kidogo kidogo mpaka ifike takribani nusu kilo. Kama bado inasoma sifuri, mwambieni fundi apunguze.

Sifuri ya kuwashia nayo ina mtego. Visanduku vingi vikiwashwa huku kuna kitu juu ya jukwaa hukihesabu kitu hicho kuwa ni sehemu ya jukwaa na kuonyesha sifuri. Kanuni zinaruhusu hadi asilimia 20 ya uwezo, yaani kilo 60 kwa mizani ya kilo 300. Sasa fikirini karani amewasha asubuhi kukiwa na kifurushi cha kilo 5 juu, kisha akakiondoa. Kioo kinasoma -5.0. Mkulima wa kwanza akiweka mzigo wa kilo 48, kioo kinasoma 43.0, na kistari kile kidogo cha hasi hakuna aliyekiona. Ombeni fundi afinye kiwango hicho cha kuwashia kadiri kisanduku kinavyoruhusu, na wekeni utaratibu kwamba mizani inawashwa mbele ya watu, jukwaa likiwa tupu.

Mengine tutayapitia haraka. Kipimo kiwe kilo, na kitufe cha kubadili kilo kuwa ratili kifungwe. Kazi ya kushikilia namba, ambayo hufaa kupimia ng'ombe wasiotulia, izimwe. Kichujio cha kutuliza namba kiwe cha wastani. Kama namba haitulii kwa sababu ya upepo, dawa ni kujenga kinga ya upepo na si kuongeza kichujio, maana pamba ni kama tanga la mtumbwi. Betri ikaguliwe, kwa kuwa volti zikishuka namba huanza kutangatanga. Msiunganishe paneli ya sola moja kwa moja kwenye kisanduku bila kidhibiti chaji na adapta yenye volti zilizoandikwa kwenye kibandiko.

Kwa nini mizani ya kiwandani isiaminiwe ilivyo

Baadhi ya wauzaji husema mizani imekwisha kupangwa kiwandani, ni kuwasha tu. Kwa mizani ya vihisi maneno hayo hayatoshi, na sababu yake ni ya kisayansi kabisa.

Kihisi hakipimi wingi wa pamba, kinapima jinsi dunia inavyoivuta. Nayo dunia haivuti sawa kila mahali. Kaskazini mwa Ulaya mvutano ni kama 9.81 kwa vipimo vya wanafizikia. Kwetu Usukuma, karibu na Ikweta na zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, ni kama 9.78. Tofauti inaonekana ndogo, lakini mizani iliyopangwa kule na kuletwa Zagayu bila kupangwa upya itasoma kilo 100 za kweli kama kilo 99.7 hivi. Hakuna aliyeiba. Hata hivyo gramu 300 zimepotea kwa kila kilo 100, na zimepotea upande wa mkulima.

Mizani ya rula haikuwa na tatizo hilo, kwa sababu ililinganisha jiwe na mzigo na vyote viwili vinavutwa sawasawa. Mizani ya vihisi lazima ifundishwe kilo mahali pale pale itakapofanyia kazi, kwa mawe halali. Mafundi huita kazi hiyo kalibresheni. Shirika la Viwango (TBS) hutumia neno ugezi.

Kazi yenyewe ni fupi. Jukwaa likiwa tupu fundi anakiambia kisanduku kwamba hii ni sifuri. Kisha anapanga mawe, anaingiza uzito wake na kuthibitisha. Ubishi huwa kwenye idadi ya mawe. Kupanga mizani ya kilo 300 kwa jiwe moja la kilo 20 ni sawa na kupima urefu wa shamba kwa kidole, kwani kosa dogo la mwanzoni linakuzwa mara 15. Tunashauri mawe yafike angalau nusu ya uwezo wa mizani. Kama fundi hana, apange safari siku nyingine.

Baada ya hapo jaribuni pembe. Wekeni kilo 100 karibu na kila pembe, moja baada ya nyingine. Kwa mizani ya kilo 300 yenye kipande cha gramu 100, kosa linaloruhusiwa wakati wa uhakiki ni gramu 50 kwa mzigo hadi kilo 50, gramu 100 kwa mzigo hadi kilo 200, na gramu 150 zaidi ya hapo. Wakati wa matumizi huruhusiwa mara mbili ya hayo. Pembe moja ikisoma kilo 99.2 wakati nyingine zinasoma 100.0, msikubali kuambiwa wastani uko sawa. Mzigo wa pamba hauji na alama ya katikati.

Lakiri, stika na kadi

Kisheria mizani ya biashara lazima ihakikiwe na Wakala wa Vipimo, na fundi anayeitengeneza awe na leseni ya Wakala. Baada ya uhakiki, sehemu inayoingilia mipangilio hufungwa kwa lakiri na mizani hubandikwa stika ya mwaka. Lakiri ikikatwa, hata kwa nia njema ya kutengeneza waya ulioguguniwa na panya, uhakiki umekufa na mizani isitumike kununulia mpaka Wakala warudi. Hili linauma katikati ya msimu foleni ikiwa ndefu, tunajua. Kwa hiyo ukaguzi wa waya, betri na kisanduku cha viungio ufanyike mwezi Machi au Aprili, kabla ununuzi haujafunguliwa.

Siku ile ile ya uhakiki fanyeni mambo mawili ambayo hayagharimu kitu. Andikeni kadi yenye mipangilio yote: uwezo, kipande, sifuri ya kuwashia, tarehe, jina la fundi, namba ya lakiri. Nakala moja ikae ofisini, moja kwa kamati ya usimamizi, moja ibandikwe ukutani kwa maandishi makubwa.

La pili, tafuteni kipande cha chuma kizito, cha kilo 20 au zaidi, kama kipande cha reli au ringi ya gurudumu. Kipigeni rangi, kipimeni mara tu mizani ilipohakikiwa, na kuandika uzito wake juu yake. Hicho si jiwe halali la kununulia, ni shahidi wenu tu. Kila asubuhi na kila mchana kiwekwe juu ya jukwaa mbele ya wakulima. Kikisoma tofauti kwa zaidi ya kipande kimoja, kazi isimame. Msitumie mfuko wa mchanga. Mchanga hunywa unyevu usiku na kuutoa mchana. Ndoo ya maji nayo hupungua, na ndoo tunayoiita ya lita 20 haijulikani hasa ni lita ngapi.

Pointi inayoachwa kitabuni

Tumefika kwenye jambo ambalo fundi hawezi kulipanga. Mizani inasoma 47.8. Karani anaandika 47. Tumesikia makarani wakilitetea kwa maneno ya kawaida kabisa: pamba ikikaa ghalani inakauka, uzito unapungua, na kiwandani chama kikikutwa na upungufu viongozi ndio watakaolipa. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Pamba hukauka kweli. Tena wapo wakulima wanaoloweka maji au kuchanganya mchanga ili kuongeza kilo, na hao wanawaumiza wenzao kuliko wanavyomuumiza mnunuzi.

Lakini tufanye hesabu. Pointi zinazoachwa ni kati ya gramu 0 na gramu 900, wastani wake gramu 450. Kituo kikipima mizigo 200 kwa siku, kilo 90 zimeingia ghalani bila jina la mtu kitabuni. Kwa siku 30 ni kilo 2,700. Upungufu wa kukauka haujawahi kupimwa, ila fidia yake imekwisha kukusanywa kutoka kwa kila mama aliyebeba mzigo wake kichwani, na hakuna mkutano mkuu ulioiidhinisha. Kilo zisizo na jina hutafuta jina, na kwa kawaida hulipata.

Chama kinachohofia upungufu kipime. Chagueni mizigo kumi, iwekeeni alama, ipimeni siku ya kuingia na siku ya kutoka, na mwandike tofauti. Kisha mkutano ujadili makato yaliyo wazi, kwa asilimia inayojulikana. Kumbukeni pia kwamba mizani ya magari kiwandani huruka kwa hatua kubwa. Ya tani 60 kwa kawaida huenda kwa kilo 20, hivyo tofauti ya kilo 20 kwa lori zima siyo ushahidi wa wizi wa upande wowote.

Uzito wa shuka au turubai upimwe vivyo hivyo. Weka shuka tupu, bonyeza kitufe chenye herufi T, kioo kisome sifuri, ndipo pamba iwekwe. Kukata kilo moja kwa kila mzigo wakati shuka lina gramu 600 ni kumpunguzia mkulima gramu 400 kila anapopanda jukwaani. Uzito huo ufutwe kabla ya mkulima anayefuata, maana kisanduku kinaukumbuka.

Angalieni vilevile mzigo wenyewe umekaaje. Pamba ni pana kuliko jukwaa. Ukingo wa mzigo ukigusa ukuta, ardhi au nguzo ya kisanduku, sehemu ya uzito imebebwa na huko na haikupimwa. Mtu mmoja asimame upande wa pili kuangalia hilo tu. Kioo kigeuzwe kwa mkulima, na kama fedha ipo nunueni kioo cha pili kinachounganishwa kwa waya, ili karani na mkulima wasome kwa wakati mmoja.

Kwa vikundi vya dengu na choroko, maelekezo ni yale yale isipokuwa mawili. Nafaka na mikunde haipeperushwi na upepo, hivyo kichujio kinaweza kuwa chepesi na foleni ikaenda haraka. Na magunia yasipangwe juu ya jukwaa kupita uwezo ulioandikwa kwenye kibandiko, hata kama kisanduku bado kinaonyesha namba. Kihisi kilichopindishwa kupita kiasi hakirudi kilivyokuwa, na mizani hiyo itahitaji fundi na Wakala wa Vipimo kabla ya kupima tena.